Gole la Karani

Jumapili asubuhi, kabla sijanyanyuka kwenye sala, Baba mkwe aliniita kutoka uani.

"Mwanangu, njoo umguse huyu."

Nilimkuta amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, kuku wake mapajani. Kuku huyo tunamwita Karani, kwa sababu hutembea shingo mbele akimkagua kila mtu kazini kwake, na akishakukagua huondoka bila neno. Alikuwa wa marehemu mama mkwe wangu. Mama alipofariki, Baba alijifungia chumbani wiki nzima. Chakula tulikipeleka mlangoni na kukirudisha vilevile. Siku ya nane Karani alipiga kelele bandani kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumfungulia, na Baba akatoka akamfungulia. Tangu hapo hutoka kila asubuhi kwa ajili yake, na akishatoka hunawa, hunywa chai, husalimia watu. Hakuna mtu nyumbani kwetu aliyewahi kumtazama Karani akaona kitoweo.

"Hapa," Baba alisema, akaviongoza vidole vyangu chini ya shingo ya kuku.

Palikuwa na donge gumu, kubwa kama ndimu mbili zilizoshikana. Ni mahali pa gole, ule mfuko ambao chakula hukaa kwanza kabla ya kushuka kwenye firigisi kusagwa. Jioni gole hujaa. Asubuhi, kabla kuku hajala, linatakiwa liwe tupu, ngozi imelala. La Karani lilikuwa limejaa asubuhi.

"Jana usiku lilikuwa hivi hivi," Baba alisema. "Juzi pia. Nilidhani ni shibe."

Jirani yetu muuza mkaa alichungulia juu ya ukuta. Huyo hata ukipiga chafya chumbani, yeye atakuuliza dawa umekunywa.

"Mzee, mnampapasa kuku kama mwali! Ana nini?"

"Anaumwa."

"Basi mimi nina moto tayari. Leteni sufuria, apone kabla ya saa sita."

"Jirani," Baba akamjibu bila kuinua kichwa, "wewe ukiugua tukuletee sufuria?"

Muuza mkaa akacheka mpaka akapotea nyuma ya ukuta.

Daktari wa mifugo alifika saa nne. Ni mama wa makamo, mnene, mwenye buti za mpira na sauti ya mtu aliyezoea kusema na ng'ombe. Alimbana Karani kwapani, akalibonyeza gole, akamfungua mdomo akanusa.

"Harufu si mbaya. Mmebadilisha malalo ya banda?"

Mume wangu alikuwa ameweka majani makavu mapya wiki ile. Aliinamisha kichwa.

"Amekula majani marefu, yamejisokota humu kama kamba. Sasa sikilizeni. Leo, kesho na keshokutwa asile kitu. Maji tu. Mafuta ya kula, matone machache mdomoni, asubuhi, mchana na jioni, kisha mnamsugua hapa taratibu, hivi, kama mnakanda unga laini. Msimgeuze kichwa chini, atapaliwa. Jumatano asubuhi nitapita. Likiwa bado limejaa, itabidi nilipasue nikatoe kilichomo."

"Ukipasua atapona?" Baba aliuliza.

Daktari alitazama miguu ya Karani, magamba yake yalivyokauka. "Mzee, sitakudanganya. Kuku wa umri huu, nikimpasua, anaweza asiamke."

Baba alimlaza Karani ndani ya tenga kwenye pembe ya jiko, akamfunika kwa kanga kuukuu ya Mama. Mchana nilipoweka chakula mezani aliisukuma sahani yake.

"Mimi nitakula akila yeye."

"Baba, wewe huna majani shingoni," mume wangu alisema.

"Sina. Lakini tumekaa chumba kimoja. Nitafune huku ananitazama? Nitakunywa maji kama yeye." Akafikiri. "Mafuta hapana. Mafuta mniache."

Tulicheka wote wanne, yeye, mume wangu, wifi yangu na mimi. Hatukujua alikuwa anasema kweli.

Jioni ile gole lilianza kulainika. Nilimsugua Karani kwa vidole viwili nikasikia donge linaachana ndani, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Lakini Baba alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi, na alikuwa amekaa kwenye kigoda akiwa ameegemeza kichwa ukutani. Karani naye aliniangalia kwa jicho moja, jicho lile la ukaguzi. Moyo wangu ukaniambia: mwonjeshe kidogo tu apate nguvu, kesho asimame, na Baba akimwona amesimama atakula. Baba alipokwenda msalani nilichukua kijiko kimoja cha wali laini nikampa. Alikula kama mtu aliyesamehewa.

Sikumwambia mtu. Hapa lazima nieleze, maana mtu wa nje ataona nilificha kosa. Kwangu halikuwa kosa, lilikuwa jema, na katika nyumba ile jema halisemwi. Mama mkwe ndiye aliyetulea hivyo, hata sisi tulioingia kwa ndoa. Ukitenda jema, alikuwa akisema, funga mdomo, maana ukilisema umeshajilipa mwenyewe. Siku ya msiba wake walikuja watu tusiowajua wakilia, mmoja kwa blanketi alilopewa na Mama, mwingine kwa kuwa Mama alikaa naye hospitalini, na Baba mwenyewe alikuwa hajui hata moja. Tukaifanya kuwa sheria. Mara moja cherehani yangu iligoma, nikaenda kwenye darasa langu la jioni la watu wazima nikiwa na huzuni, niliporudi nikaikuta inakwenda kama maji. Mpaka leo sijui ni nani aliyeitengeneza. Nilimshukuru Mungu, kwa kuwa Yeye ndiye niliyekuwa na uhakika naye.

Jumatatu asubuhi nilitia mkono tengani nikitegemea ngozi iliyolala. Gole lilikuwa limejaa.

Halikuwa gumu kama jana, lakini lilijaa. Nilipigwa na butwaa. Kijiko kimoja cha wali hakijazi hata kiganja cha mtoto. Nilimwita mume wangu, ambaye alikuwa tayari amevaa kwenda kwenye mashine ya kusaga anakofanya kazi.

"Hebu mshike. Jana jioni si lilikuwa limepungua?"

Alimshika haraka, akamwachia haraka. "Labda ni hewa."

"Hewa ina uzito?"

"Mke wangu, mimi ni msagaji. Niulize unga." Akaondoka na baiskeli yake.

Wifi yangu, anayeuza nafaka sokoni, naye alimgusa. "Mafuta," alisema. "Yamejaa mafuta. Niachie mimi nimsugue, wifi, wewe una nguo za watu."

Nikamwachia. Nilikaa kwenye cherehani nikashona mkono wa kushoto wa gauni mahali pa kulia, nikaufumua, nikaushona tena palepale. Akili yangu ilikuwa tengani. Nilianza kukiogopa kile kijiko. Daktari alisema asile, mimi nikampa. Sasa wali wangu ulikuwa umeongezeka humo ndani usiku kucha, kidogo kimekuwa kingi. Nilikwisha kusikia kwamba Mungu akitaka huzidisha chakula, lakini siku zote nilisikia akikizidisha kwa baraka. Je, huweza kukizidisha kwa adhabu?

Jioni hiyo tulikuwa na somo la viumbe. Sisi tunaosoma jioni ni watu wazima, mmoja kinyozi, mmoja mlinzi, wawili bibi wenye wajukuu, na tukikaa kwenye madawati ya watoto magoti hugonga mbao. Mwalimu alipomaliza nilinyoosha mkono.

"Mwalimu, chakula kinaweza kuongezeka ndani ya tumbo la kiumbe bila kuongezwa?"

"Kinaweza kufura kikilowa maji. Au kikichacha, kikatoa hewa."

"Kijiko kimoja kikawa vijiko kumi?"

"Hapana. Kitu hakitoki pasipo kitu. Kama kimeongezeka, kuna mkono."

"Wa nani?"

Darasa zima likacheka. Kinyozi akasema, "Mama, kama ni tumbo lako tuambie tu, tutakuchangia nepi."

Nilicheka nao, lakini nilirudi nyumbani nikiwa nimechanganyikiwa kuliko nilivyokwenda. Kuna mkono. Usiku nilisali, nikaahidi kwamba sitampa Karani hata punje, na sikumpa. Baba alikataa chakula tena. Mume wangu alimsihi, wifi yangu alimsihi, mimi nilimpelekea uji mpaka kitandani. Alinipa mkono akanishukuru, akaurudisha uji.

Jumanne asubuhi gole lilijaa kuliko Jumatatu.

Hapo sasa sikuelewa mbele wala nyuma. Kama kijiko changu ndicho kilichomwumiza, mbona jana sikumpa kitu na hali imezidi? Na kama si kijiko changu, ni nini? Nilikagua jiko lote. Nilifagia kuzunguka tenga, nikatafuta tundu la panya, kana kwamba panya wanaweza kuleta chakula badala ya kukichukua. Nilimwuliza hata muuza mkaa kama amewahi kuruka ukuta.

"Kumlisha kuku wenu?" alisema, kweli amekasirika. "Mimi ninasubiri afe, nimlishe tena?"

Mchana Baba alisimama kwenda kumpa Karani mafuta, akayumba, akashika mwimo wa mlango. Kichupa cha mafuta kilianguka kikavunjika. Nilimshika mkono, ulikuwa mwepesi kama fimbo kavu.

"Baba, nakuomba. Kunywa hata chai."

"Kesho, mwanangu. Daktari anakuja kesho."

"Na akimpasua? Asipoamka?"

Alikaa kwenye kigoda. Kisha akasema kama anayezungumzia hali ya hewa, "Basi asubuhi sitakuwa na wa kumfungulia."

Nililielewa neno lile vizuri. Sote tulilielewa. Wifi alikuwa mlangoni na kapu lake la sokoni, akageuza uso. Mume wangu aliporudi jioni nilimwambia, naye akaenda kukaa karibu na tenga muda mrefu, kofia mkononi, vumbi la unga likimdondoka mabegani. Nilimwonea huruma nikamwacha peke yake.

Jumatano daktari alifika na mkoba. Alimtoa Karani tengani, akambonyeza. Akambonyeza tena kwa ncha za vidole, macho amefumba, kama mtu anayesoma kitu gizani.

"Majani hayapo," alisema. "Yamepita. Lakini humu kuna punje. Hii ni ya mahindi. Hii pia. Na hizi ndogo ndogo, za mviringo, ni mtama." Akafumbua macho. "Nani amemlisha?"

Hakuna aliyejibu.

"Nauliza tena. Kuku huyu amelishwa tangu Jumapili?"

Mume wangu alitazama dari. Wifi alikuwa anakunja kona ya kanga yake, anaikunjua, anaikunja. Baba alitikisa kichwa. "Hajala, daktari. Hata mimi sijala."

"Basi mzee, habari si nzuri. Kama hajala, hizi punje zimekaa humu siku nne na haziendi. Zitaoza, na uozo utamwua. Hapa hakuna njia ila nikate. Nichemshieni maji."

Nilichemsha maji. Mikono ilifanya kazi yenyewe. Nilimwona akifungua kitambaa cheupe mezani, akapanga wembe, uzi, sindano iliyopinda, chupa ya dawa. Baba akamchukua Karani kumshikilia. Aliinama akaweka shavu mgongoni kwake, na mimi nikaona kwamba yule hakuwa mtu anayeaga kuku tu.

Mahindi na mtama. Mimi nilitoa wali. Nilisimama pale na sufuria ya maji ya moto. Wali umegeukaje kuwa mahindi? Halafu nikafikiri kitu kingine. Nikinyamaza, mimi ninayejua kwamba angalau mara moja alikula, daktari atakata kwa kuwa anaamini hajala. Kunyamaza kwangu ndiko kutakakokata. Lakini kinywa kilikuwa kizito. Miaka kumi na mmoja katika nyumba ile sikuwahi kusema: nimemfanyia fulani jema. Ningejisikia afadhali kukiri wizi.

"Nimempa wali," nilisema.

Wote wakageuka.

"Jumapili jioni. Kijiko kimoja. Nilitaka apate nguvu, Baba ale. Sikutoa tena. Nisamehe, Baba. Lakini mahindi si yangu, naapa, na mtama siujui."

 Mvuke ulipanda usoni kwangu kutoka sufuriani.

"Mahindi ni yangu," mume wangu alisema. Sauti ilitoka puani. "Kiganja kila alfajiri kabla ya kwenda kazini. Majani nililaza mimi, nikaona mimi ndiye niliyemletea maradhi. Nikasema angalau asife na njaa."

"Kiganja chako?" daktari aliuliza, akitazama mkono ule wa kubebea magunia. "Kila alfajiri?"

"Na mchana," wifi yangu alisema, tayari analia, "mtama. Nikimsugua. Kidogo tu, kidogo tu. Baba alikuwa anakonda, nikasema Karani akichangamka naye atachangamka. Nilijua ni mimi peke yangu!"

"Na mimi nilijua ni mimi!" mume wangu akasema.

"Na mimi nikadhani ni Mungu," nikasema.

Daktari alikaa juu ya ndoo. Alitutazama mmoja mmoja, kisha akaanza kuurudisha wembe mkobani, uzi, sindano. "Nimetibu ng'ombe, mbuzi, punda, na mbwa wa mkuu wa polisi," alisema. "Sijawahi kumwona mgonjwa aliyenyimwa chakula kwa amri yangu akanenepa. Kuku huyu hana ugonjwa tena. Ana jamaa wengi."

Mimi nilikuwa namtazama Baba. Alikuwa amejiinua polepole, Karani bado kifuani, na uso wake haukuwa wa furaha wala wa hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyeamshwa ghafla.

"Kwa hiyo," alisema, "siku tatu hizi aliyefunga ni mimi peke yangu."

Hatukujua tulie au tucheke.

"Mnanionea huruma, mnamlisha yeye. Yeye anajaa, mimi naona hajapona, nakataa chakula. Mnanionea huruma zaidi, mnamlisha zaidi." Alikuwa anahesabu kwa kidole kwenye bawa la kuku. "Mngeniua kwa huruma, wanangu. Na kaburini ningekuwa nasema, sijui nini kimetokea, watu wenyewe walikuwa wema."

"Mama alisema..." mume wangu akaanza.

"Mama yako alisema ufunge mdomo mbele ya watu. Hakusema ufunge mdomo mbele ya daktari." Halafu akaguna, akaonekana naye hana uhakika. "Au labda alisema. Sijui. Mimi mwenyewe hakuniambia mengi."

Alikataa kula siku ile. Alisema neno ni neno, na kuku bado hajawa tupu. Daktari alitaka kubisha, akamtazama, akaacha. Alimlazimisha tu anywe maji yenye sukari na chumvi mbele yake. Akatuachia sheria: hadi kesho asubuhi Karani asipewe kitu, na yeyote atakayemsogelea aseme kwa sauti amekwenda kufanya nini. Tuliifuata. Ilikuwa jambo la ajabu. "Nampa maji!" wifi alipiga kelele kutoka jikoni. "Namsugua tu, mikono mitupu!" mume wangu akajibu baadaye. Muuza mkaa aliuliza kama tunafanya mnada.

Kabla ya kulala nilipiga magoti nikakosa maneno. Nilitaka kuomba msamaha, lakini wa nini? Wa kumpa mwenye njaa? Wa kunyamaza? Nilikaa pale magoti yakauma, mwisho nikasema, "Bwana, Wewe unaelewa, mimi sielewi," nikapanda kitandani.

Alhamisi tulikuwa sote jikoni kabla jua halijachomoza. Baba alikaa kwenye kigoda, akaingiza mkono chini ya kanga. Alikaa nao humo muda mrefu. Mume wangu alisogea karibu. Vidole vya Baba vilishuka shingoni, vikarudi juu, vikashuka tena, kana kwamba vinatafuta kitu vilichokidondosha.

"Hakuna kitu," alisema.

"Hakuna nini, Baba?" wifi akauliza kwa hofu.

"Hakuna kitu. Ngozi tupu. Imelala." Aliupangusa mdomo kwa kiganja. "Haya, leteni."

"Tulete nini?"

"Chakula! Chochote! Cha kwangu na cha kwake!"

Hatukuulizana. Kila mmoja akatimka upande wake, na tuliporudi tukagongana mlangoni, mimi na bakuli la uji, wifi na bakuli la uji, mume wangu na bakuli la uji alilopika mwenyewe gizani, lenye madonge kama kokoto. Na kila mmoja, katika mkono wa pili, alikuwa na kisahani cha chakula laini cha Karani.

Baba aliyatazama mabakuli matatu. Akavitazama visahani vitatu. Karani alinyoosha shingo kutoka tengani, akavikagua pia.

"Mmoja mmoja," Baba alisema. "Na kila mtu aseme chake."